Risasi za kasi: zafaa mbugani, zina mashaka msituni

MWINDAJI wa kigeni anayewasili Tabora na bunduki ya risasi za kasi, zilizobuniwa na kampuni moja kwa ajili ya bunduki zake, huwa amelipia mambo mawili: nguvu kubwa na risasi isiyoshuka upesi. Swali ni kama hayo yana thamani katika miombo iliyotanda kandokando ya njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Mfano maarufu ni .300 Weatherby Magnum, iliyobuniwa na Mmarekani Roy Weatherby katika miaka ya 1940. Kichwa chake cha gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban meta 990 kwa sekunde. Risasi kongwe ya .375 ya Holland & Holland ya London, iliyotolewa mwaka 1912, hurusha kichwa cha gramu 19.4 kwa meta 770 hivi. Kwa hesabu, nguvu za risasi hizo mbili zinakaribia kulingana. Hata hivyo, kanuni za uwindaji nchini hudai kipenyo kisichopungua .375 kwa nyati na tembo. Kasi haihesabiwi.

Sababu ipo. Kichwa chepesi chenye kasi kubwa huweza kupasuka kinapogonga mfupa wa bega, hasa kwa umbali mfupi, kabla kasi haijapungua. Na msituni, miti haimpi mwindaji nafasi ya kuona mbali. Nyati aliyejeruhiwa hukimbilia kichakani, na anayetangulia kumfuata ni mfuatilia nyayo, mara nyingi kijana wa kijiji cha jirani asiye na bunduki. Mgeni hupoteza ada, kwani mnyama aliyejeruhiwa hulipiwa hata asipopatikana. Kijana huyo aweza kupoteza maisha.

Ni kweli kwamba vichwa vya shaba tupu, vilivyoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1980, havipasuki kirahisi. Ni kweli pia kwamba katika tambarare za Moyowosi, kaskazini-magharibi mwa Tabora, nyamera husimama mbali na mwindaji hana pa kujificha. Huko risasi ya kasi humpunguzia kazi ya kukisia umbali, na bei yake inaeleweka.

Lakini kuna suala la upatikanaji. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu kilo 5 tu za risasi kwa abiria. Mzigo ukipotea njiani, risasi za .375 zinaweza kuazimwa kambini kwa mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni. Za Weatherby, ni bahati kuzipata. Magobore ya ruga-ruga wa Mtemi Mirambo, katika miaka ya 1870, yalitegemea baruti kutoka pwani, lakini yalikubali karibu kipande chochote cha chuma kilichopita mtutuni. Bunduki ya leo haina uvumilivu huo, na ada za kila siku za kambi huendelea kuhesabiwa wakati mgeni ameketi na bunduki tupu.