Nyuzi nne zinatosha

Wapiga besi wakikutana, iwe nyuma ya jukwaa wakisubiri zamu au kwenye kibaraza cha ukumbi wa mazoezi, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye magitaa. Unapiga lipi? Nyuzi ngapi? La betri au la kawaida? Siku hizi jibu moja linazidi kushika kasi, hasa kwa vijana: besi ya nyuzi tano, yenye betri ndani na msururu wa vitufe vya kurekebisha sauti, ndiyo besi ya mtu aliyekomaa. Ile ya nyuzi nne, kitufe kimoja cha sauti na kingine cha toni, eti ni ya kujifunzia. Kijana mmoja anayepigia kwaya aliniambia bila kuficha, “Kaka, nikienda na nyuzi nne wananiona bado mchanga.”

Napinga. Kwa muziki wetu wa dansi, ambamo besi inabeba solo, solo la pili na ridhimu juu yake, gitaa linalofaa kuliko yote ni lile lisilo na makuu: Fender Precision au lolote lililoundwa kwa mfano wake, likiwa na nyuzi flati zilizokwisha kuzoea mkono, na kipande cha sponji chini ya nyuzi pale karibu na daraja.

Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na wala hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1951 aliitoa Precision, besi ya umeme yenye freti, ambayo mtu aliweza kuining'iniza begani na kuingia nayo kwenye gari, jambo ambalo lile besi kubwa la kusimama halikuruhusu. Mwaka 1957 aliibadilisha pikapu yake, yaani ile sumaku iliyozungushiwa waya inayodaka mtetemo wa uzi. Aliigawa vipande viwili, kimoja kwa nyuzi za E na A, kingine kwa D na G, vikaunganishwa kwa namna ambayo mvumo wa umeme unajifuta wenyewe. Tangu hapo gitaa hilo halijabadilika kwa lolote la maana. Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi kule juu na pikapu mbili badala ya moja. Mwaka 1976, baada ya Fender kuwa ameiuza kampuni yake ya kwanza, ikatoka StingRay ya Music Man, yenye pikapu moja nene karibu na daraja na betri ya volti 9. Besi nyingi zinazouzwa leo, ukiondoa rangi na urembo, ni watoto wa hizo tatu.

Kila moja ina sauti yake, na mwenye sikio atazitambua akiwa nje ya ukumbi. StingRay inabweka, kila noti inaanza kwa kishindo chenye ncha, na ndiyo maana ilimfaa Bernard Edwards wa Chic katika disko. Jazz Bass ukiipiga kwa pikapu ya nyuma peke yake inasemea puani, na noti zinatoka zikiwa zimekatwa safi. Ukifungua pikapu zote mbili inang'aa juu na kunguruma chini. Precision haina ujanja huo. Ina sauti moja nene ya katikati, na kitufe cha toni kinaweza tu kuifunika au kuifunua.

Hivi karibuni tulikaa wapiga besi watatu Kinondoni, ampu moja, magitaa matatu: Precision yangu, Jazz Bass ya mwenzangu, na ya nyuzi tano yenye betri, mali ya mdogo wetu. Tukapokezana mstari uleule wa rumba ya taratibu, kisha mstari wa chemko, ile sehemu ya kasi. Hakuna aliyebisha kwamba ya nyuzi tano ilishinda. Ilikuwa pana, safi, yenye kung'aa. Jazz Bass ikafuata. Yangu ilisikika kama mlango mzito wa mbao unaofungwa chumba cha pili, na mdogo wetu akanitazama kwa huruma.

Halafu wakaingia mpiga ngoma na wapiga magitaa wawili. Tukarudia palepale, sauti ya ampu ikiwa haijaguswa. Ya nyuzi tano ikabaki mvumo: unajua besi inapigwa, ila huwezi kusema ni noti gani. Jazz Bass, pikapu zote zikiwa wazi, ilisikika kwenye rumba, lakini chemko lilipoanza na solo kupanda, ikamezwa. Precision ikabaki palepale. Kila noti ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mpiga ngoma, ambaye hana upande katika ubishi huu, akasema hiyo ndiyo aliyoweza kuifuata kwa mguu.

Hakuna uchawi hapo. Uzi wa E ulio wazi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Ule uzi wa tano, B ya chini, hutetemeka mara 31. Spika nyingi za kumbi zetu hazifiki 31 kwa nguvu yoyote ya maana, na hata 41 zinaifikia kwa taabu. Kinachotufanya tuitambue noti ya E si ile 41 yenyewe bali wenzake wa juu: 82, 123, 164 na kuendelea. Sikio likiwapata hao, linaijaza ile ya chini lenyewe. Ndiyo maana kwenye rekodi za DDC Mlimani Park au Juwata Jazz za miaka ya 1980, zilizofanyika katika studio ya Radio Tanzania, unaweza kuifuata besi noti kwa noti hata kwa redio ndogo ya mkononi ambayo spika yake haizidi kiganja. Sauti ya katikati ndiyo inayobeba habari. Jazz Bass yenye pikapu zote wazi inaipunguza, kwa sababu pikapu hizo zinausikiliza uzi sehemu mbili tofauti, na baadhi ya mitetemo ya katikati inafutana. Besi za betri nazo, vijana wakishapandisha kitufe cha chini na cha juu mpaka mwisho, zinabaki na shimo katikati, na shimo hilo ndipo solo na ridhimu zinapoketi.

Kuna na suala la nafasi. Besi ya dansi haijazi kila kipande cha wakati. Inapiga, inanyamaza, inamwachia mpiga tumba, inarudi ikiwa imekwepa pigo ulilolitarajia. Ukimya huo ni sehemu ya mstari. Uzi mpya wa waya wa mviringo, ule wenye mikwaruzo ukiupapasa, unaendelea kulia baada ya kidole kuondoka na unaujaza ukimya. Uzi flati, uliozungushiwa utepe bapa wa chuma, una mlio mfupi na mzito. Sponji inamalizia kazi. Mimi hukata kipande cha godoro kwa wembe, unene wa kidole, nakichomeka chini ya nyuzi zote nne mpaka ziguse bila kubanwa. Kikizidi, noti inakufa na kubaki mgoto. Kikiwa sawa, noti inatamka jina lake kisha inaondoka. Fender mwenyewe aliweka sponji ndani ya kifuniko cha chuma cha daraja, kifuniko ambacho wapigaji wengi walikuja kukifungua na kukitupa.

Aliyenifunza kuipenda sauti hiyo, kwa kumsikiliza tu, ni James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 South Carolina, akakulia kimuziki Detroit, akaanzia kwenye besi la kusimama, kisha akawa mpiga besi wa Motown kwa zaidi ya muongo mmoja. Gitaa lake maarufu lilikuwa Precision ya mwaka 1962, nyuzi flati nene ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike, na kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada. Besi yake ya What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971, inatembea kuliko solo za watu wengi, na bado haimzibi mwimbaji hata mara moja. Nyuzi nne, kidole kimoja, vitufe viwili. Anayeniambia kwamba nyuzi nne ni za mchanga, namwomba amsikilize huyo kwanza.

Sisemi sauti nyingine hazina mahali. Jaco Pastorius alikuwa na Jazz Bass ya mwaka 1962 isiyo na freti, akaupaka ubao wa shingo gundi ya epoksi ya maboti, akaifanya besi iimbe. Rekodi yake ya mwaka 1976 bado inawahangaisha wapigaji. Bakithi Kumalo wa Soweto aliichukua besi isiyo na freti akaenda nayo kwenye Graceland ya Paul Simon mwaka 1986, na noti zake zinateleza kama sauti ya mtu. Lakini nyimbo hizo zimeiachia besi uwanja mbele. Na kwa benga ninakubali kushindwa: kule besi inajibizana na solo kwa noti fupi kali, na Jazz Bass yenye pikapu ya nyuma inafanya kazi hiyo vizuri kuliko yangu.

Linaloniuma ni kuona Precision nzuri, ngumu, zilizotumika miaka, zinauzwa kwa bei ya kutupa ili mwenyewe aongeze fedha anunue ya nyuzi tano, ambayo uzi wake wa tano anaugusa kwenye nyimbo mbili kwa usiku mzima. Kisha betri inamwishia katikati ya onyesho kwa kuwa aliiacha waya imechomekwa tangu mazoezini, na waya ikiwa imechomekwa betri inanyonywa hata gitaa likiwa limelala. Madukani Kariakoo nyuzi flati ni adimu kwa sababu hakuna anayeziulizia. Tuziulizie. Bei yake iko juu, ila zinadumu miaka, na hazizili freti kama zile za mviringo.

Na mafundi mitambo nao watusaidie. Mkiona besi haisikiki, msikimbilie kuongeza chini. Kateni kila kilicho chini ya mitetemo 40 kwa sekunde, mpandishe kidogo kati ya 400 na 800, mtasikia noti zinajitokeza bila ukumbi kutetemeka. Kwa yule kijana wa kwaya, ambaye ana hoja ya kweli kwa kuwa waimbaji hupanga ufunguo pale sauti zao zinapofika na si pale gitaa linapoishia: wimbo ukiwa wa D, alegeze uzi wa E mpaka D. Inachukua sekunde chache, inampa mitetemo 37 hivi, na nyuzi tatu zilizobaki hazibadiliki.