Abiria Azime, Baharia Awashe



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda wengi wataliona liko mbali nasi, yaani matumizi ya simu ya mkononi katika meli kubwa za watalii. Mtauliza, ni nani miongoni mwetu atakayepanda meli ya namna hiyo kwa starehe? Labda hakuna. Lakini sisi watu wa Mombasa twazijua meli hizo kwa njia nyingine. Zikitia nanga Kilindini twaziona, nyeupe, ndefu, ghorofa juu ya ghorofa, na ndani yake wamo ndugu zetu waliokwenda kutandika vitanda, kuosha vyombo na kufua mashuka. Kaka yangu ni mmoja wa watu wanaofanya kazi hizo baharini. Kwa hiyo jambo hili si geni nyumbani kwetu.

Maoni yangu kwa ufupi ni haya. Abiria aliyekwenda baharini kwa starehe na aizime simu yake. Na baharia aliyekwenda kwa kazi na apewe nafasi ya kuiwasha. Katika meli nyingi mambo ni kinyume cha hayo, nami nitajaribu kueleza kwa nini naona si haki.

Kwanza yafaa tufahamu jinsi simu inavyofanya kazi baharini. Nchi kavu simu yako husemezana na mnara ulio karibu. Nguvu za mnara huo hazifiki mbali. Meli ikiisha kuiacha pwani nyuma kwa maili ishirini au thelathini, simu hubaki kipande cha kioo tu. Ndiyo maana meli kubwa hubeba minara yake midogo. Minara hiyo huyapeleka maneno kwenye setilaiti, nayo setilaiti huyarudisha duniani. Setilaiti za desturi hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilometa 36,000 hivi. Hizi mpya za Starlink, ambazo kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza mwaka 2022 kwamba itazitumia katika meli zake, huzunguka chini zaidi, kiasi cha kilometa 550, na kwa sababu hiyo intaneti yake ni ya haraka.

Njia hiyo ya kupitia mbinguni ni ghali. Tena simu ina tabia moja mbaya: ikiachwa wazi hujiunga yenyewe na mtandao wa meli pasipo kumwuliza mwenyewe. Huko Ulaya ipo sheria, tangu mwaka 2017, ya kwamba mtu akitoka nchi moja ya Umoja wa Ulaya kwenda nyingine asitozwe zaidi kwa simu yake. Lakini bei hizo nafuu ni za minara ya nchi kavu. Mtandao wa setilaiti wa melini haumo. Basi mtu aweza kulala usingizi wake, huku simu ikipokea picha na salamu asizoziomba, na akirudi kwao akapokewa na deni. Dawa yake ni nyepesi mno. Kabla meli haijang'oa nanga, abonyeze ile alama ya ndege iliyo katika kila simu, na hatari imekwisha.

Hata hivyo fedha sizo zinazonifanya nimshauri abiria azime. Ikiwa ana fedha, ni zake. Namshauri azime kwa sababu bahari ina zawadi moja ambayo nchi kavu haina tena, nayo ni umbali. Mtu amefanya kazi mwaka mzima, amechoka na ofisi yake, amelipa fedha nyingi ili apelekwe mahali ambapo ofisi haimfikii. Kisha analipa tena ili ofisi imfikie! Huyo amelipa mara mbili, na alichokinunua mara ya kwanza amekitupa majini. Kaka yangu atuambia kwamba amepata kuona mezani baba, mama na watoto wawili, kila mmoja ameinamia kioo chake, na chakula kikapoa mbele yao. Mara nyingine kundi la pomboo lilipita karibu na meli likiruka, na wageni wakalipa mgongo ili wajipige picha wao wenyewe. Pomboo walikuja na kwenda zao, na wengine hawakuwaona ila katika picha.

Historia nayo ina fundisho. Tarehe 14 Aprili, 1912, meli ya Titanic ilikuwa katika bahari ya Atlantiki, nayo ilikuwa na mtambo wa simu ya upepo wa kampuni ya Marconi. Kazi kubwa ya wapiga simu wake ilikuwa kupeleka salamu za abiria matajiri. Usiku ule Jack Phillips alikuwa akizipeleka salamu hizo kwenye kituo cha Cape Race, Newfoundland. Meli ya Californian, iliyokuwa karibu, ikampasha habari kwamba imezuiwa na barafu. Phillips akaijibu inyamaze, kwa maana yuko kazini na Cape Race. Mpiga simu wa Californian akauzima mtambo wake akaenda kulala. Haukupita muda mrefu Titanic ikagonga mlima wa barafu, na watu 1,500 hivi wakafa. Simlaumu Phillips, maana alikuwa akifanya kazi aliyoajiriwa, na mtambo ule ule ndio aliouitia meli ya Carpathia iliyookoa watu zaidi ya 700. Yeye mwenyewe hakuokoka. Lakini tazameni: mazungumzo ya starehe yalitangulizwa, na neno la kazi likaambiwa lisubiri.

Sasa niseme habari za baharia. Mkataba wa kaka yangu ni wa miezi tisa. Sisi tuliomo bwenini twajua maana ya kukaa bila simu, kwa kuwa shuleni zimekatazwa, nami sina malalamiko juu ya amri hiyo. Muhula wetu ni wa miezi mitatu tu, siku ya wazazi ipo, na mtu akifiwa mwalimu humwita ofisini akampa habari. Baharia hana siku ya wazazi. Katika meli ya kwanza aliyofanyia kazi kaka yangu, intaneti ya wafanyakazi iliuzwa kwa kadi, nayo ilikatwa katika mshahara wake mdogo. Kadi ikiisha hungoja mpaka bandari ijayo. Bibi yetu alifariki meli ikiwa katikati ya bahari kuu. Mama alimpigia simu mara nyingi, hakumpata. Kaka alipata habari siku ya nne, meli ilipofunga gatini na simu yake ikashika mnara wa nchi kavu. Siku zote nne alikuwa akitandika vitanda vya wageni waliokuwa wakituma picha za vyakula vyao kutoka vyumba vile vile. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika meli ile mgeni alikuja, lakini mwenyeji hakupona.

Wengine watasema hayo ni masikitiko ya jamaa moja. Basi watazame yaliyotokea Mauritius. Tarehe 25 Julai, 2020, meli ya mizigo iitwayo Wakashio, mali ya Wajapani, ilipanda juu ya mwamba kusini mashariki ya kisiwa hicho. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilikuwa imesogezwa karibu na pwani kuliko ilivyopasa ili ipate mtandao wa simu. Mafuta kiasi cha tani 1,000 yalimwagika, na wavuvi wakaona bahari yao imegeuka nyeusi. Mwaka ule ule, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, Shirika la Kimataifa la Bahari lilikadiria kwamba mabaharia 400,000 walikuwa wamekwama melini, mikataba yao ikiwa imekwisha na njia ya kurudi kwao hakuna. Sisemi kwamba hamu ya simu yamwondolea nahodha hatia. Mwamba haujui hamu. Nasema tu kwamba watu wakinyimwa njia halali ya kusikia sauti za nyumbani, wataitafuta njia ya hatari.

Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizouridhia. Mkataba huo ulirekebishwa mwaka 2022, na marekebisho yakaanza kutumika Desemba 2024. Yasema kwamba wenye meli wawapatie mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na ada, kama ipo, iwe ya kiasi. Ni hatua njema. Lakini maneno haya, "kadiri inavyowezekana", ni mlango mpana, na mwenye meli mjanja aweza kupita hapo. Mimi nasema hivi: meli ya mizigo iliyo kuukuu huenda ikawa na udhuru. Meli inayowauzia intaneti wageni elfu tatu haina udhuru hata kidogo, kwa sababu imekwisha kuonyesha kwamba yawezekana.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema, "Je, abiria akizima simu, na meli ikapata ajali?" Swali ni zuri. Tarehe 13 Januari, 2012, meli ya watalii iitwayo Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Wakuu wa meli walichelewa kutoa habari. Abiria mmoja aliwapigia simu jamaa zake bara, hao wakawaambia askari wa mji wa Prato, na askari ndio walioiuliza bandari ya Livorno kuna nini. Kwa hiyo simsihi abiria aitupe simu yake baharini. Aizime, aiweke mahali anapojua, na siku ya shida aiwashe.

Wa pili atasema, "Mabaharia wakipewa simu hawatafanya kazi." Nami namjibu kwa meli ile ile. Katika kesi ya nahodha wake, Francesco Schettino, ilielezwa kwamba alikuwa akizungumza kwa simu meli ikiukaribia mwamba. Basi simu na ikatazwe kabisa mahali pa usukani na kwa kila aliye zamuni, awe nahodha au mfuaji wa nguo. Lakini saa za kupumzika ni mali ya baharia. Mtu aliyekwisha kusikia kwamba mwanawe amepona homa hufanya kazi vizuri kuliko mtu anayefua mashuka huku akiwaza kama mwana yu hai.

Wa tatu atasema kwamba abiria amelipa, na baharia hakulipa. Ni kweli. Lakini ni nani amfuliaye abiria shuka? Kampuni ikichukua sehemu ndogo ya fedha za intaneti za wageni, ikampa kila mfanyakazi nusu saa kwa siku bila malipo, hakuna mgeni atakayeona pengo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo, lakini wote wawili wamo katika meli moja.

Wanafunzi wenzangu, mwakani wengi wetu tutamaliza, na huenda baadhi yetu wakaitwa kwenda melini. Mkiwekewa karatasi ya mkataba mbele yenu, msitie sahihi mpaka mmeuliza mambo matatu: mshahara ni kiasi gani, miezi ni mingapi, na nitawezaje kusema na mama yangu. Watu wengi huuliza la kwanza tu. Na ikiwa Mungu atawajalia wengine utajiri, siku moja wakapanda meli kwa starehe, basi wazime simu, watazame maji, na wamwulize mtandika kitanda chao kama amepata habari za kwao wiki hii.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye mawazo mengine na aandike muhula ujao, nitafurahi kuyasoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu