Kikoa cha Hifadhi na Kanuni Zake

Wahenga walinena: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Methali hii yaufaa mno ushirika wa watu wanaojitolea kuhifadhiana faili katika kompyuta zao. Programu ya Tahoe-LAFS, kwa mfano, hulifumba faili kwa msimbo wa siri, kisha kwa kawaida huligawa katika vipande 10. Vyovyote 3 vyatosha kulirejesha. Hivyo, mwenye kompyuta hawezi kukisoma alichowekewa.

Hata hivyo, hesabu hiyo haimzuii mshirika kujiondoa kimyakimya. Wakiondoka wanane wenye kipande kimoja kimoja, viwili vinavyosalia havifai kitu. Isitoshe, vipande 10 hujaza nafasi ya zaidi ya mara 3 ya faili lenyewe. Mchoyo huwalemea wenziwe upesi.

Kwa maoni yetu, ushirika kama huu usianze kabla ya kuandika kanuni tatu: kila mtu atoe nafasi isiyopungua anayoitumia, mashine yake isizimwe ovyo, na anayetoka atoe taarifa mapema ili wenye vipande wavipeleke kwingine. Wanafunzi wenzetu wanaorekodi fasihi simulizi wangenufaika na hifadhi hii. Lakini tukumbuke: kikoa kisicho na zamu ni karamu ya wachache.