Hesabu ya Binti na Njia ya Al-Biruni



Mama mmoja alinijia baada ya darsa, mkononi ana daftari la bintiye wa gredi ya nane. Swali lilikuwa hili: mbili kwa kipeo cha 30 na tatu kwa kipeo cha 20, ipi kubwa? Simu ilikatazwa. Binti alianza kuzidisha mbili kwa mbili, akakosea njiani, akalia. Kakake akamwambia hesabu si za wanawake. Mama akaniuliza, "Sheikh, nimwache tu?"

Nikamwambia amwite. Nikamwuliza binti: 30 na 20 zote zina kumi ndani yake, sivyo? Basi fungeni mbili tatutatu. Mbili mara mbili mara mbili ni 8, na mafungu yako kumi. Kwa hivyo nambari ya kwanza ni 8 kwa kipeo cha 10. Tatu nazo zifunge mbilimbili. Tatu mara tatu ni 9, na mafungu ni kumi vilevile. Nambari ya pili ni 9 kwa kipeo cha 10. Kabla sijamaliza, binti alisema, "Tisa inashinda!" Wala hakuzidisha tena.

Njia hii wanavyuoni wetu waliijua. Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alihesabu punje za sataranji: moja katika nyumba ya kwanza, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, hadi nyumba ya 64. Hakujumlisha nyumba kwa nyumba. Mbili kwa kipeo cha 64 ni sawa na 16 kwa kipeo cha 16. Basi ukizidisha 16 kwa nafsi yake, kisha kila jawabu kwa nafsi yake, mara nne tu umefika. Ukiondoa moja, jumla ya punje ni 18,446,744,073,709,551,615.

Wazazi wenzangu, mtoto akikwama, tusikimbilie kusema kichwa chake kizito. Huenda amekosa njia tu. Na elimu tumefaradhishiwa wanaume kwa wanawake. Neno la kaka yule lirekebishwe nyumbani, kwa upole, kabla halijaota mizizi moyoni mwa dadake.

Nawaachia hili mlifumbue pamoja baada ya Isha: nne kwa kipeo cha 15 na nane kwa kipeo cha 10, ipi kubwa? Msiharakishe kujibu.

Wabillahi tawfiq.