Maharagwe, Mbolea na Hesabu ya Mkulima

Mkulima wa Mundika aingiapo dukani mjini Busia kabla ya mvua za masika, huomba mbolea. Muuzaji naye humwuliza: ipi? Mimi si mtaalamu wa udongo; kazi yangu ni maneno. Lakini hapa neno ndilo tatizo. "Mbolea" limebeba samadi, mboji, DAP, CAN na yurea kana kwamba vyote ni kitu kimoja. Gunia la kilo 50 la CAN lina takriban kilo 13 za naitrojeni, la yurea kilo 23, na la DAP kilo 9 tu, ingawa DAP ina fosfati tele. Tarakimu zimechapishwa kwenye gunia. Ni nani aliyewahi kumfasiria mkulima maana yake?

Ujinga huu humgharimu zaidi apandaye maharagwe. Mmea huu hushirikiana na bakteria waitwao raizobia, ambao hukaa katika vinundu vya mizizi na kuitwaa naitrojeni ya hewani kwa manufaa yake. Kusema kweli, maharagwe ni mavivu katika kazi hiyo yakilinganishwa na soya. Kwa hiyo naitrojeni kidogo wakati wa kupanda yaweza kuyafaa, hasa katika shamba lisilotifuliwa, ambako mabua ya mahindi yanapooza vijidudu huinyakua naitrojeni iliyomo udongoni. Ikizidi, vinundu hudumaa, majani hunawiri, na mkulima amenunua kitu ambacho sehemu yake angeipata bure. Isitoshe, udongo mwingi wa magharibi mwa Kenya una uhaba wa fosforasi, na bila hiyo vinundu havistawi.

Busia hii hii imekwisha kuwafunza walimwengu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio ya mahindi katika mashamba ya wakulima wa huku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo ilileta faida ya takriban asilimia 36 kwa msimu. Vipimo kamili vilivyopendekezwa na Wizara ya Kilimo viliongeza mavuno, lakini kwa wastani havikurudisha gharama.

Mwenye maharagwe anahitaji hesabu hiyo zaidi, kwani bei haimo mikononi mwake: maharagwe ya Uganda huvuka mpaka Busia na Malaba. Hata bei ya ruzuku ya shilingi 2,500 kwa gunia, iliyotangazwa mwaka 2023, haimfaidi aliyechukua gunia lisilomfaa. Na asiyetifua shamba asisahau kuijumlisha dawa ya magugu.

Walimu wenzangu, shule zetu zina viwanja. Pandeni mistari minne: mmoja bila kitu, mmoja kwa samadi, mmoja kwa DAP, mmoja kwa DAP na CAN. Maua yachanuapo, wanafunzi wang'oe mashina machache na kupasua vinundu: vyenye wekundu ndani vinafanya kazi, vyeupe havifanyi. Msimu ukiisha, mwalimu wa hisabati awape mizani na risiti za duka, kisha matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya wazazi.