Tendi zetu zisikike kabla jua halijatua

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili karibu na Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Walikuwa wakisoma Utendi wa Mwana Kupona. Walihesabu mizani bila kukosea na kutaja vina bila kusita. Nilipomwomba msichana mmoja atuimbie beti mbili, alinitazama kwa mshangao akauliza, "Kwani huu huimbwa, Mwalimu?"

Swali hilo halijanitoka akilini hadi leo. Kosa si la msichana yule. Sisi waalimu ndio tuliomkabidhi wimbo ulionyamazishwa, tukamwambia auchambue.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu jijini London, nilizoea kupita katika kanisa moja la kale mwendo wa saa kumi na mbili jioni. Watu waliotoka kazini, mikoba ingali mabegani, waliingia kusikiliza muziki wa Ulaya wa enzi ya Renaisansi, yaani ule mwamko wa elimu na sanaa wa karne ya 15 na ya 16, na wa enzi ya Baroki iliyofuata hadi katikati ya karne ya 18. Onyesho lilichukua muda wa saa moja. Vyombo viliundwa kwa kuiga vile vya kale, na kabla ya kila wimbo mwanamuziki mmoja alieleza maana ya maneno yake. Kisha kila mtu alikwenda kwake kula chajio.

Msomaji asidhani kwamba muziki huo haukuwahi kunyamaza. Mnamo mwaka wa 1727, mjini Leipzig, Ujerumani, Johann Sebastian Bach alitoa utungo wake mkuu juu ya mateso ya Yesu kama yalivyosimuliwa katika Injili ya Mathayo. Baada ya Bach kufariki mwaka wa 1750, utungo huo ulisahauliwa na umma, hadi kijana Felix Mendelssohn alipoufufua mjini Berlin mwaka wa 1829. Aliweza kuufufua kwa sababu Bach alikuwa ameuandika kwa noti.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka wa 1728, mwaka mmoja tu baada ya utungo huo wa Bach, Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate, wenye beti zaidi ya elfu moja. Miswada ya tendi zetu za kale imehifadhiwa London na Dar es Salaam, nasi tunashukuru. Lakini hati ya Kiarabu waliyoitumia watunzi wetu ilihifadhi maneno, haikuhifadhi mahadhi. Mahadhi yalipita kutoka kinywa hadi sikio. Mghani akifariki bila kuacha mwanafunzi, hakuna Mendelssohn atakayeweza kuyafufua.

Kama mwanaisimu, nina sababu nyingine ya kulilia jambo hili. Mizani si hesabu ya vidole; ni kipimo cha pumzi na sauti. Katika usemi wa kawaida, mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kughani, mahadhi huweza kuivuta silabi ambayo usemi ungeipitia kwa haraka. Mwanafunzi asiyeyasikia haya hawezi kuelewa kwa nini mtunzi alifupisha neno hapa na kulirefusha pale. Ataandika tu "inkisari" na "mazida" ili apate alama zake.

Wapo watakaosema kwamba maonyesho ya namna hii ni mambo ya Wazungu. Nawakumbusha yaliyotokea Malindi mwezi wa Aprili mwaka wa 1498, Vasco da Gama alipotia nanga huko. Taarifa ya mmoja wa watu waliokuwa katika safari hiyo inasimulia kwamba mfalme wa Malindi alifuatana na wapiga parapanda, pamoja na siwa mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, kila moja ikiwa na urefu wa mtu. Zilipulizwa kupitia tundu la ubavuni, na sauti zao zikapatana vizuri na zile parapanda. Mreno wa enzi ya Renaisansi ndiye aliyeketi kuwa msikilizaji. Na hiyo luti iliyotamba katika kumbi za Ulaya zama hizo ilitokana na udi wa Waarabu. Hata jina lake lina asili ya neno la Kiarabu, al-ud. Udi ndio huo tunaoujua katika taarabu yetu.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Shule za Gongoni na Magarini kwa jumla zitenge Jumamosi moja kila mwezi, baada ya sala ya alasiri, wafanyakazi wa mashamba ya chumvi wakiwa wametoka kazini. Mghani mmoja aghani utendi. Wazee wa Kigiriama waje na nyimbo zao na kayamba. Kwaya ya shule nayo iimbe kipande cha Handel, tulinganishe bila kuoneana haya. Mwalimu aeleze maneno, mwanafunzi mmoja anase sauti kwa simu, na shughuli imalizike kabla ya adhana ya magharibi. Hapahitajiki ukumbi wala vipaza sauti. Kivuli cha mwembe kinatosha.

Najua mwalimu ataniuliza kuhusu silabasi isiyokwisha. Saa moja kwa mwezi haitaangusha mtihani wa mtu. Huenda hata ikamsaidia kuupita. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ungalipo, lakini wanaojua kuufuma wanapungua kila mwaka. Nikialikwa tena Gongoni, ningependa nimwombe mwanafunzi beti mbili, naye aniulize tu, "Kwa mahadhi gani, Mwalimu?"