Sarafu haina uso, mbona sadaka iwe nao?

Ndugu msomaji, kabla ya kutia sarafu yako kapuni leo, igeuze uitazame. Ya shilingi moja ina twiga, ya tano kifaru, ya kumi simba, na ya ishirini tembo. Upande wa pili kuna nembo ya taifa. Uso wa mtu haumo.

Haikuwa hivyo zamani. Kuanzia 1966 sarafu zetu zilibeba sura ya Mzee Jomo Kenyatta, baadaye ya Rais Daniel arap Moi. Kisha Katiba ya 2010, katika Ibara ya 231, ikakataza pesa zetu kubeba picha ya mtu yeyote. Sarafu hizi za wanyama zikazinduliwa Desemba 2018.

Yesu alipotegwa kuhusu kodi, aliomba kwanza aonyeshwe sarafu (Mt 22:15-22). Ilikuwa na sura na jina la Kaisari. Akawaambia cha Kaisari apewe Kaisari, na cha Mungu apewe Mungu.

Sisi Kaisari tumemwondoa kwenye sarafu, lakini tumemrudisha madhabahuni. Siku ya harambee mheshimiwa hupewa kipaza sauti, kiasi alichotoa kikatangazwa, nasi tukapiga makofi. Mama muuza sukuma wiki aliyetoa sarafu yake ya tembo hatajwi.

Nakiri kwamba nami nimekosa. Mwaka tuliojenga ukumbi wa parokia, nilisoma orodha ya wachangaji kuanzia mkubwa kushuka chini, nikaishia njiani. Baada ya Misa mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Padri, sisi wa shilingi ishirini tuko ukurasa gani?" Sikuwa na jibu.

Mjane wa senti mbili (Mk 12:41-44) hatumjui jina wala sura. Yesu alimwona, ikatosha.

Pendekezo langu ni hili: parokia zisome jumla peke yake. Hesabu ya mapato na matumizi ibandikwe mlangoni, kila Mkristo aione, lakini majina tumwachie Mungu. Najua wapo watakaosema kwamba bila kutajwa, wakubwa hawatatoa. Huenda ni kweli. Basi ukumbi utachelewa, na tutaendelea kukutana chini ya mwembe. Afadhali hivyo kuliko yule mzee kuondoka kanisani akidhani hakuhesabiwa, ilhali sura ya Mungu anayo yeye.

Jumapili njema.